Jiwe la Tabitha Liko Kwenye Bustani Yangu

Shangazi Zelpha mpendwa,

Nishike mkono mwenzio nimezama, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, ingawa najua utanihukumu tu, maana nimekusoma gazetini kila Jumatano kwa miaka kumi na minane na sijaona hata siku moja umemwachia mtu.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na sita, nilifanya kazi posta mpaka nikastaafu, na bado nasali kanisa lile lile lililonibatiza kijitoni nikiwa na miaka kumi na mmoja. Majina yote nitakayoyataja nimeyabadilisha ili nisije nikanyooshewa vidole dukani. Watu wakiniuliza mimi ni nani huwa sisemi mambo ya posta, nasema mimi ndiye ninayeujua ukoo wa Tackitt, na ndivyo ilivyo, hakuna mwingine katika milima hii anayeujua kama mimi, kwa sababu nimeutafuta miaka thelathini na moja, nimesoma sensa za zamani zilizopigwa picha kwenye filamu mpaka macho yakaharibika, nimetambaa kwa magoti kwenye makaburi yenye nyoka nikisugua chaki juu ya mawe ili herufi zitokeze, nimewapigia simu wajane wa Texas nisiowajua kuwauliza bibi zao walizikwa wapi, na mwaka 1979 nikachapisha kitabu, nakala mia mbili, jalada la bluu, na zote zikaisha.

Kitabu kinaanza na Absalom Tackitt, baba yake babu yangu, aliyekuja hapa Tennessee kutoka Carolina Kaskazini mwaka 1841 akiwa na ng'ombe wawili na shoka. Ukurasa wa kumi na nne unasema alikuja kijana mseja na akaoa mara moja tu, mwaka 1849, akamwoa Lucinda, Nyanya Lucinda wetu, aliyezaa watoto tisa na wakati wa Vita ya Kaskazini na Kusini akaficha mahindi chini ya sakafu ili majeshi ya pande zote mbili yasiyaone, na picha yake imetundikwa kwenye ukumbi wa kanisa mpaka leo. Maneno hayo niliyaandika mimi, na niliyaandika kwa mapenzi.

Sasa, huku kwetu ukoo una makaburi yake, ekari moja juu ya kilima, na hati ya Absalom mwenyewe inasema ekari hiyo ni ya uzao wa mwili wake pamoja na wake na waume zao, basi. Kuna kamati ya watu watano. Kaka yangu Hobart ni mwenyekiti, mimi ni katibu, na tangu 1980 tuna sheria moja nyepesi: ambaye ukoo wake haumo kwenye kitabu cha bluu hapati kaburi. Sheria hiyo niliipendekeza mimi, Shangazi, na nilipopigiwa makofi nilijisikia vizuri sana.

Ng'ambo ya kijito wako kina Sparks. Hao tangu enzi wanasema bibi yao Mahala alikuwa mtoto wa Absalom kwa mke wa kwanza, aitwaye Tabitha, aliyefariki 1848 akijifungua, akazikwa na kichanga chake kilimani, na kwamba Lucinda alipoingia kwenye nyumba ile hakumtaka yule mtoto, na Mahala alipofikisha miaka saba akapewa gauni moja na sufuria akapelekwa kwa mkulima mwingine, maili nane, akawe mtumishi. Wanasema kabla hajaondoka alipanda kilimani na msumari, na kwa kuwa alikuwa hajui kuandika, akakwaruza mistari mitatu kwenye jiwe la mama yake: mmoja wa mama, mmoja wa kichanga, mmoja wake mwenyewe. Sisi tulikuwa tunasema ni hadithi za watu wanaotaka kujipachika. Tulisema Mahala alikuwa yatima wa kuokotwa. Alipofariki mwaka 1931 waliomba azikwe kilimani, babu yangu akakataa, wakamzika nje ya uzio, hatua mbili tu kutoka kwenye nguzo, na kila Jumapili ya nne ya Mei, wakati sisi tunapamba makaburi yetu na kutandaza kuku wa kukaanga na mikate ya mahindi na pai kwenye meza ndefu, wao hukaa kule nje ya uzio na vikapu vyao. Tunasalimiana. Ni watu wenye adabu.

Nitakiri moja la kwanza. Sensa ya 1850 nimeiona kwa macho yangu, na ndani ya nyumba ya Absalom yumo Mahala Tackitt, miaka mitatu, wakati Lucinda ana mwaka mmoja tu tangu aolewe. Kitabuni niliandika kwamba karani alikosea. Vyeti vya ndoa vya miaka hiyo havipo, mahakama iliungua wakati wa Vita, kwa hiyo nani angenibishia?

La pili ndilo ninaloliona haya hasa. Mwaka 1971, kabla ya kitabu, Hobart alikuwa amechoka kukata nyasi kilimani. Unajua watu wa zamani wasio na uwezo hawakuweka mawe ya kuchongwa, waliokota jiwe shambani wakalisimamisha, halina jina, halina tarehe, na mawe hayo yalikuwa yanavunja visu vya mashine ya nyasi kila mwezi. Siku hiyo akaja na trekta na mnyororo.

"Hayana hata herufi moja," akaniambia. "Nani atayalilia?"

Akayang'oa kumi na manne. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, nimekunja mikono, sikusema Hobart acha, nilisema, "Usiyatupe basi, niletee mimi niyapange kuzunguka maua yangu ya peoni." Akayapakia kwenye tela akayaleta, tukayapanga jioni ile ile tukicheka, na yakapendeza kweli. Mama alikuwa amekaa kwenye gari pale langoni akaona tela linapita. Hakusema neno siku tatu. Nikadhani ni meno yake mapya.

Mama alifariki 1983, na chini kabisa ya sanduku lake nikakuta daftari dogo la shule la mwaka 1936. Kumbe mwaka ule, akiwa mkwe kwenye nyumba ya Tackitt, alitembea kilimani na babu yangu, ambaye alikuwa mgonjwa na nadhani alitaka kutua mzigo, na babu akamtajia kila jiwe lisilo na jina ni la nani, na Mama akaandika mstari kwa mstari na akachora ramani. Mstari wa tatu, jiwe la tatu kutoka kwenye mwerezi: "Mikwaruzo mitatu. Tabitha, mke wa kwanza wa baba, na mtoto mchanga. Mahala ni dada yetu." Ni mwandiko wa Mama. Naujua kama ninavyoujua uso wake.

Asubuhi yake nikaenda bustanini nikaanza kugeuza mawe. Lilikuwa la tisa. Nilipiga magoti kwenye umande, na Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa Tabitha wala yule mtoto na msumari wake, ni ukurasa wa kumi na nne wa kitabu changu. Nikaligeuza jiwe kifudifudi nikalishindilia udongo. Daftari nikalifunga kwenye plastiki nikaliweka kwenye friza, chini ya nyama ya paa, na limekaa humo miaka kumi na moja. Na kila Mei, Shangazi, nakata peoni kwenye bustani ile, ndoo mbili, nazipeleka kilimani kuwapamba wafu wetu, na watu wananisifu.

Mwezi wa pili mwaka huu Ardith Sparks aliandika kwa kamati. Ana miaka sabini na minne, Mahala alikuwa bibi yake mzaa baba, na ana saratani ya kongosho. Aliomba azikwe kilimani karibu na Tabitha, ili angalau mmoja wao aingie. Tukapiga kura. Wote watano tukakataa, na mimi nikainua mkono kama wengine, kisha nikaenda nyumbani nikaipiga barua ya jibu kwa taipureta.

Mwisho wa Machi akaja mwenyewe. Mpwa wake alimshusha, naye akakataa kiti, akakaa kwenye ngazi ya baraza yangu.

"Sikai sana, binamu," akasema. "Huyu kijana ameacha gari linanguruma, anaogopa akilizima haliwaki tena."

"Karibu, Bi Ardith. Nikuletee chai ya baridi?"

"Lete. Tumbo linaikataa lakini mdomo bado unaitaka."

Nikaleta. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa.

"Barua yako imepigwa vizuri sana," akasema. "Nimeitafutia kosa, sikuona hata moja."

"Ni uamuzi wa kamati, Bi Ardith. Si wangu peke yangu."

"Najua. Kamati ina watu watano na kitabu kimoja."

"Kama ungekuwa na ushahidi wowote. Mahakama iliungua, sote tunajua, na bila karatasi..."

"Mimi sina karatasi, binamu, nina kidole." Akakinyoosha. "Bibi alinipandisha kile kilima nikiwa na miaka sita, siku hakuna mtu, akakishika hiki akakipitisha kwenye ile mikwaruzo. Moja, mbili, tatu. Jiwe la tatu kutoka kwenye mwerezi. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyoikwaruza."

"Hakuna jiwe pale," nikasema.

"Sasa hakuna."

Akawa anaitazama bustani. Machipukizi mekundu ya peoni yalikuwa yameanza kutoka ardhini.

"Zinatoka mapema mwaka huu. Na haya mawe mazuri, mliyatoa wapi?"

"Kijitoni," nikasema, na niliona jinsi nilivyolisema upesi. "Hobart aliyatoa kijitoni."

Akanyoosha fimbo yake akaligusa moja. "Makubwa haya. Nimefua nguo kwenye kijito kile tangu utoto wangu na mawe yake yote ni laini kama mayai. Haya yana kona."

"Labda ni ya kule juu zaidi."

"Labda," akasema. Akanywa chai yote, mpaka tone la mwisho, akanirudishia glasi. "Daktari ananipa mpaka Juni. Nikijaliwa nitafika Jumapili ya makaburi, nitakaa kule kule nje ya uzio kama kawaida. Niletee peoni moja, binamu, ukiwa na ziada."

Nikasema nitaleta. Akaenda zake, na mimi nikaingia ndani nikalia mpaka pua ikaziba, lakini sikumfuata.

Nimemwambia Hobart. Amenijia juu. "Ukilitoa hilo daftari," alisema, "kesho kutwa kina Sparks arobaini wanataka shimo. Na Nyanya Lucinda utamweka wapi? Utamshusha ukutani? Choma hiyo takataka, dada, na mawe ni mawe." Nikamwambia kuna jina la mtu kwenye jiwe lile. Akasema, "Kuna mikwaruzo. Hata jogoo anakwaruza."

Sasa nimekaa nimefikiria njia tatu na naomba uniambie ipi ina dhambi ndogo. Ya kwanza, nisubiri Ardith apumzike salama, halafu nilirudishe jiwe kilimani kimya kimya bila maneno. Ya pili, Hobart ana miaka sabini na mmoja na moyo wake si mzuri, nisubiri yeye atangulie ndipo nilitoe daftari, nisimvunje kaka yangu. Ya tatu, niliandike kwenye wosia wangu, lije kusomwa nikishaondoka, na kitabu kirekebishwe na watakaobaki. Nimechoka, Shangazi. Nilitaka kuwajua wazee wangu, na sasa ninawajua, na ninatamani ningekuwa nimefuma tu mashuka kama wanawake wengine.

Katibu Mwenye Peoni

* * *

Katibu,

Umebadilisha majina na nakushukuru kwa jitihada, lakini kaunti hii ina kitabu kimoja tu cha bluu, na mimi nakala yangu iko kwenye rafu juu ya redio. Bibi yangu yumo, ukurasa wa sitini na mbili. Uliandika vizuri juu yake, na siku ile nilikisoma nikajifuta machozi kwa aproni. Kwa hiyo usidhani anayekukaripia leo ni mtu baki.

Tuanze na la 1971, maana hilo nitakuachia, ndiyo, mimi huyo huyo. Hukujua. Nusu ya makaburi ya milima hii yamefagiliwa na kaka mwenye trekta na dada mwenye bustani, na wote walidhani wanafanya usafi. Ungeniandikia mwaka 1971, au hata 1983 asubuhi ile ukiwa bado na tope magotini, ningekuambia jikung'ute vumbi, beba toroli, rudisha mawe, na nyumbani kwa Ardith ungepokelewa kwa kahawa. Lakini wewe uliligeuza jiwe kifudifudi, na kwa miaka kumi na moja umekuwa ukilipalilia. Hilo si kosa tena, mama. Hiyo ni kazi uliyoifanya kwa bidii.

Na usinitajie mahakama iliyoungua. Nimechoka na mahakama ile. Kila mtu hapa mwenye babu wa kumwonea haya anaikimbilia. Karani wa sensa alifika mlangoni kwa Absalom mwaka 1850, akauliza nani anaishi humu, wakamtajia mtoto wa miaka mitatu, akamwandika. Yeye alikuwepo. Wewe ndiye uliyekaa chini miaka mia moja na ishirini na tisa baadaye ukasema amekosea, na ulikuwa hujaliona daftari la mama yako bado. Maana yake ulianza kumfukuza yule mtoto kabla hujapata sababu ya kuogopa, ukasaidiana na Lucinda kumfungia sufuria yake.

Mama yako alijua. Babu yako alijua, akamwacha dada yake nje ya uzio, halafu akaogopa kufa na neno hilo akamtwika mkwe wake. Mama yako naye akalificha chini ya sanduku. Wewe ukalitia kwenye friza. Ukoo wa Tackitt mnarithishana kitu kweli, lakini hakimo kitabuni.

Sasa nikuambie jambo ambalo umeliandika mwenyewe kwa mkono wako na hukuliona. Ardith anajua. Mtu hakai kwenye ngazi akakataa kiti, akaulizia mawe ya bustani, akakueleza kwamba mawe ya kijitoni hayana kona, halafu akasema "labda". Anajua yametoka wapi, na nadhani alijua kabla hajashuka kwenye gari. Hakuja kukufumania, maana angetaka hivyo angeligeuza moja kwa fimbo yake na mpwa wake akiwa shahidi. Alikuja, tumbo lake likiwa hivyo, akakufungulia mlango ili useme mwenyewe. Akakaa mpaka glasi ikaisha. Amekuita binamu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na wewe umemwita Bi Ardith kana kwamba amekuja kununua stempu.

Umeniuliza katika njia zako tatu ipi ina dhambi ndogo. Nimezisoma mara mbili. Ya kwanza inasubiri Ardith afe. Ya pili inasubiri Hobart afe. Ya tatu inasubiri ufe wewe. Huna hata njia moja ambayo mtu aliye hai anasikia ukweli kutoka kwa mtu aliye hai. Zote nazitupa.

Umeniandikia mimi, barua ikapita posta, ikapita kwa mhariri, leo ni Jumatano ndiyo unaisoma, na Ardith anaishi ng'ambo ya kijito unachoweza kukivuka kwa viatu vya kanisani. Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kusoma, nenda kwenye friza ulitoe daftari. Liache lipate joto taratibu mezani, usilifungue likiwa na barafu, kurasa zitachanika, na umeshaharibu ya kutosha. Chukua koleo ulitoe jiwe la tisa. Usiligeuze. Lioshe mgongo tu, liweke kwenye kiti cha gari, nenda nalo kwa Ardith. Usipike pai. Najua mkono wako unawasha kupika pai, na ukienda na pai mtazungumza habari za pai. Mwambie, "Binamu, sikulitoa kijitoni," kisha mwachie aligeuze yeye. Kama hana nguvu, mpwa wake aligeuze, na kidole kile kipite kwenye mikwaruzo. Wewe simama. Hukualikwa kulia.

Usitegemee kukumbatiwa. Anaweza akakuita binamu kama kawaida, anaweza akakufukuza na fimbo, na yote mawili ni haki yake. Huendi kununua msamaha, unakwenda kurudisha jiwe.

Kesho yake iite kamati. Barua ya Februari uliipiga bila kosa hata moja, basi piga nyingine iliyo safi vile vile, ya kumkubalia Ardith kaburi, ukiwa na daftari mezani, na sahihi ya kwanza iwe yako. Ukishaiweka sahihi, jiuzulu ukatibu. Hobart atafura. Mwache afure, nimemjua Hobart tangu anavaa kaptula, hufura akapoa kama maziwa yaliyoepuliwa. Mwambie trekta lililoshusha mawe kumi na manne linaweza kuyapandisha kumi na manne, mama yenu aliacha ramani, na ana wiki nne mpaka Jumapili ya makaburi. Akiogopa kina Sparks arobaini, mwambie awahesabu vizuri. Ni ndugu zake.

Na Lucinda msimshushe ukutani. Sipendi huo mtindo wa watu wa siku hizi wa kumgeuza mtu malaika Jumatatu na shetani Jumanne. Alikuwa msichana wa miaka ishirini aliyekabidhiwa nyumba ya marehemu. Aliyaficha mahindi, watoto tisa wakala, na alimtoa mtoto wa miaka saba na gauni moja akamtembeza maili nane. Andika yote mawili kwenye karatasi moja, ichapishe ya kubandika ukurasa wa kumi na nne, uwatumie wote mia mbili walionunua. Stempu unazijua kuliko mimi. Na mimi naisubiri ya kwangu.

Jumapili ya makaburi usome ule mstari wa Mama yako kwa sauti, mbele ya wote, kabla ya sala ya chakula. Kabla, nimesema. Wakishaanza kuku hamtasikilizana.

Hapo nilikuwa nimemaliza, nikakumbuka zile peoni. Ardith alikuomba moja, ukiwa na ziada. Kwa miaka ishirini na mitatu umewapamba Tackitt wote kwa maua yaliyozungushiwa mawe ya Tabitha na wenzake, na wao ndio pekee ambao hawajawahi kupata hata jani. Mwaka huu kata zote, zile ndoo mbili, mpelekee Ardith, na yeye ndiye ajue amwekee nani. Na usije ukampitishia juu ya uzio. Nenda mpaka langoni, ulifungue, umngoje aingie.

Shangazi Zelpha